TUIJUE KILWA, TUTUNZE MAWE YAKE



Sisi wa Mingoyo tumezoea magari. Njia ya Masasi, ya Mtwara na ya Lindi zote zinakutana hapa kwetu. Leo tushike njia ya Lindi, twende kaskazini mpaka Nangurukuru. Hapo tukate kulia. Mwisho wa barabara ni Kilwa Masoko, mji mdogo kando ya bahari.

Wageni wanafuata nini huko? Wapo wanaofuata pwani ya mchanga na samaki. Wengine wanapanda mashua kwenda Kilwa Kisiwani, kutazama magofu.

Kisiwani palikuwa mji mkubwa. Watu wake walifanya biashara ya dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu. Walikuwa na sarafu zao wenyewe za shaba. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jumba la Husuni Kubwa lina birika la kuogea lenye pembe nane. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika mwaka 1331, akausifu mji huo. Mwaka 1505 Wareno waliuteka.

Mwaka 1981 magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, yaliandikwa katika Urithi wa Dunia. Lakini mwaka 2004 yalitangazwa kuwa hatarini. Kwa nini? Mvua ilikuwa inakula kuta, na mawimbi yanakula ufuko. Kazi ya kuyaokoa ikafanyika: kuta zikatengenezwa, ufuko ukalindwa. Mwaka 2014 yakatolewa katika orodha ya hatari.

Jamani, bahari haijalala. Mizizi ya mikoko hushika udongo na kupunguza nguvu ya mawimbi. Tukikata mikoko ovyo, tunaifungulia bahari mlango.

Pengine mtu atauliza, "Mawe ya kale yatanipa ugali?" Ndiyo. Mgeni anamlipa mwenye mashua, anamlipa anayemwongoza, anakula kwa mama ntilie, analala nyumba ya wageni. Gofu likianguka, mgeni haji. Tena jiwe la kale likichukuliwa kujengea nyumba, hakuna fundi wa kuturudishia karne ya 11.

Basi, tukienda tutazame, tuulize, tusibebe kitu.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini magofu yalikuwa hatarini mwaka 2004?
2. Mikoko inasaidiaje ufuko?
3. Hapa kwetu kuna kitu gani cha kale? Nani anakitunza?