Somo la Mwezi: Kikundi Kikiwa Mwajiri



Katika masomo yaliyotangulia tulizungumza jinsi ya kuanzisha mradi na kuweka hesabu. Vikundi vingi sasa vimepiga hatua. Vina mashine ya kusaga, hoteli ndogo sokoni, kitalu cha miche au ng'ombe wa maziwa. Mradi ukikua, wanachama hawatoshi kufanya kazi yote, basi kikundi kinamwandika mtu. Siku hiyo hiyo kikundi kimekuwa mwajiri, na sheria ya Kenya inakiangalia kama inavyomwangalia mwajiri mwingine yeyote.

Mara nyingi tunasikia wakisema, "Sisi ni kikundi cha kujisaidia tu, sheria za mshahara ni za makampuni." Si kweli. Sheria haiulizi kama mwajiri ni tajiri au maskini. Inauliza: je, kuna mtu anayekufanyia kazi kwa malipo? Akiwapo, lazima alipwe angalau kiwango cha chini kilichowekwa.

Nani ni mfanyakazi?

Wanachama wakipokezana zamu katika mradi wao wenyewe bila kulipwa mshahara, hao si wafanyakazi. Wanajitolea, na faida ni yao. Lakini mkimwambia mama mmoja mwanachama aje kila siku, afuate saa mlizompangia, na mwisho wa mwezi mumlipe, huyo ni mfanyakazi hata kama jina lake limo katika daftari la wanachama.

Na kibarua je? Kibarua ni mtu wa siku: anafanya kazi leo na analipwa leo jioni. Akiendelea kuja mfululizo siku zinazofikia mwezi mzima, au akipewa kazi ambayo haiwezi kwisha katika miezi mitatu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamhesabu kuwa ameajiriwa kwa mwezi. Kumwita "kibarua" miaka miwili hakubadilishi jambo hili.

Kiwango kinatoka wapi?

Mishahara ya chini huwekwa na Waziri wa Leba kwa agizo linalochapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Tangazo la Siku ya Wafanyakazi peke yake halitoshi. Kwa mfano, tarehe 1 Mei 2024 Rais alizungumzia nyongeza ya asilimia 6, lakini agizo lilianza kutumika tarehe 1 Novemba 2024. Basi msingojee redio tu. Ulizeni katika ofisi ya leba iliyo karibu nanyi ni agizo gani linalotumika sasa, na mwombe mwone karatasi yenyewe.

Kiwango hutegemea mambo mawili: mahali na aina ya kazi. Katika agizo la 2024, mfanyakazi wa kawaida, kama vile mfagiaji, mtunza bustani, mlinzi wa mchana au msaidizi wa nyumbani, aliwekewa hivi kwa mwezi:

– Miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu: shilingi 16,113.75
– Mahali palipokuwa na manispaa: karibu shilingi 14,867
– Sehemu nyingine zote: shilingi 8,596.49

Kazi za shamba zina agizo lake, na mfanyakazi asiye na ujuzi maalum aliwekewa shilingi 7,997.33. Mhudumu wa hoteli na mlinzi wa usiku wako juu ya mfanyakazi wa kawaida. Tazameni vizuri tofauti ya manispaa na mashambani. Soko lenu likiwa ndani ya mpaka wa iliyokuwa manispaa, hesabu inabadilika sana.

Tena hayo ni malipo ya kazi peke yake. Kama mfanyakazi hampi nyumba ya kulala, agizo la kazi za kawaida linataka mumwongezee asilimia 15 ya kiwango hicho kwa ajili ya nyumba.

Bakshishi si mshahara

Hapa ndipo wenye hoteli wanapopotea. Mteja akishiba anamwachia mhudumu shilingi ishirini au hamsini, "ya chai". Kamati ikiona hivyo inasema, "Huyu anapata zake kwa wateja, tumpe kidogo tu." Agizo la mishahara la Kenya halina kiwango cha chini zaidi kwa mtu anayepewa bakshishi. Bakshishi ni asante ya mteja. Mshahara ni deni la mwajiri. Asante ya mtu mwingine haiwezi kulipa deni lako.

Huenda wengine wamesikia kutoka kwa jamaa walioko Marekani kwamba huko mhudumu hulipwa kidogo kwa sababu ya bakshishi. Ni kweli kwa sehemu. Sheria ya taifa huko inaruhusu mwajiri alipe dola 2.13 kwa saa, lakini ikiwa bakshishi hazikumfikisha mhudumu kwenye dola 7.25, mwajiri lazima ajazie. Na majimbo mengine, kama California na Washington, hayaruhusu jambo hilo hata kidogo. Basi hata huko bakshishi haimfungui mwajiri. Kwetu mlango huo haupo kabisa.

Ushauri wetu: pesa alizopewa mhudumu ziwe zake. Kama mpishi na mwosha vyombo nao wanagawiwa, wafanyakazi wenyewe wakubaliane wazi. Mweka hazina asizitie katika sanduku la kikundi.

Tupige hesabu pamoja

Tuchukue mfano wa kikundi chenye hoteli katika soko la kijijini, nje ya manispaa. Kimemwandika binti wa kufagia na kuosha vyombo. Halali hapo. Wanamlipa shilingi 5,000 na chakula cha mchana. Kwa viwango vya agizo la 2024:

Kiwango cha chini: 8,596.49
Nyumba, asilimia 15: 1,289.47
Jumla kwa mwezi: 9,885.96
Anayolipwa: 5,000.00
Upungufu kwa mwezi: 4,885.96
Upungufu kwa miezi 12: 58,631.52

Bandu bandu huisha gogo. Hizo elfu tano kasoro zinazobaki kila mwezi zinaonekana kama akiba, kumbe ni deni linalokua. Binti huyo ana miaka mitatu ya kudai haki yake kortini. Siku akidai, kikundi kinaweza kuuza sufuria na viti na bado kisimalize kulipa. Tena kulipa chini ya kiwango ni kosa la jinai, si deni tu.

"Lakini yeye mwenyewe alikubali!" Kukubali kwake hakusaidii. Sheria inasema makubaliano ya chini ya kiwango hayashiki. Kiwango cha serikali kinaingia mahali pake. Na kile chakula cha mchana? Ni jambo jema, endeleeni, lakini mshahara hulipwa kwa pesa, si kwa ugali.

Mambo mengine ya kukumbuka

1. Saa. Kazi za mchana ni saa 52 kwa wiki, siku sita. Mlinzi wa usiku ni saa 60. Hoteli inayofunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa mbili usiku ni saa 15. Mtu mmoja akifanya hivyo siku sita amefika saa 90! Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili.

2. Makato. Sahani ikiteleza mkononi na kuvunjika, msikimbilie kukata mshahara. Sheria inaruhusu kukata kiasi cha haki pale mtu alipoharibu mali kwa makusudi. Na makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara.

3. Michango. Kuna NSSF, bima ya afya ya jamii na ushuru wa nyumba. NSSF na ushuru wa nyumba hulipwa na pande zote mbili, mwajiri na mfanyakazi. Ingizeni sehemu yenu katika bajeti.

4. Likizo. Baada ya miezi 12 mfanyakazi anapata siku 21 za kazi za likizo yenye malipo.

5. Maandishi. Kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na barua. Wekeni daftari la mishahara: tarehe, kiasi, makato, sahihi. Bila daftari, mkifika mbele ya afisa wa leba mtakuwa na maneno matupu.

Kama pesa hazitoshi?

Tunajua vikundi vingine vitasema, "Tukilipa hivyo tutafunga." Tusidanganyane: wakati mwingine mradi haupati faida, ila unaishi kwa jasho la mtu mmoja asiyelipwa vizuri. Ni afadhali kulijua hilo mapema. Lakini kabla ya kufunga, fikirieni njia hizi:

– Mpeni mfanyakazi siku au saa chache, mkimlipa kwa kiwango halali cha siku au cha saa. Agizo lina viwango hivyo pia.
– Wanachama wapokezane zamu siku zilizobaki.
– Angalieni bei upya. Pengine chai yenu ni rahisi kwa sababu binti wa jikoni ndiye anayeilipia.
– Kama mna upungufu wa nyuma, msingoje kushtakiwa. Mketi na mfanyakazi, mpige hesabu, mwandike jinsi mtakavyolipa polepole, na afisa wa leba awaelekeze.

Wengi wetu tuna watoto walioandikwa kazi katika miji ya mbali. Wakirudi na habari ya kupunjwa mshahara tunakasirika. Binti anayeosha vyombo vyetu pia ni mtoto wa mtu, na baba yake huenda ni jirani yetu.

Maswali ya kujadili katika mkutano wenu

1. Ni watu wangapi wanaofanya kazi katika mradi wetu kwa malipo? Kuna mwanachama kati yao?
2. Mradi wetu uko ndani au nje ya iliyokuwa manispaa? Tumeuliza ofisi ya leba?
3. Tukiandika hesabu ubaoni kama tulivyofanya hapa, upungufu wetu ni shilingi ngapi?
4. Pesa za bakshishi zinakwenda wapi?
5. Sisi wenyewe, majumbani mwetu, tunamlipa msaidizi wa nyumbani kiasi gani?

Katibu aandike majibu, na mkutano uchague watu wawili watakaokwenda ofisi ya leba kabla ya mwisho wa mwezi. Tunawatakia majadiliano mema.