Dondoo muhimu: Lebo inapoahidi kuotesha nywele

Soma ahadi kabla ya bei. Nchini Marekani, mafuta yaliyoandikwa "hulainisha nywele" ni kipodozi. Yakiandikwa "huotesha nywele", kisheria yanakuwa dawa, na mtengenezaji anadaiwa ushahidi. Haki hiyo ya mnunuzi ilichelewa kupatikana. Sheria ya dawa ya Marekani ya 1906 iliwabana waliodanganya kuhusu viambato. Marekebisho ya 1912 yaligusa madai ya uponyaji, lakini serikali ilipaswa kuthibitisha kwamba muuzaji alikusudia kulaghai, kazi ngumu mno mahakamani. Sheria ya 1938 ikaondoa mzigo huo.

Usishawishiwe na orodha ndefu ya viambato. Mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku dawa za kuotesha nywele zinazouzwa bila cheti cha daktari na ambazo haikuziidhinisha. Lanolini, mafuta ya jojoba na vitamini B vilitajwa miongoni mwa viambato visivyothibitika. Dawa ya kuotesha nywele ya minoxidili ilikuwa imeidhinishwa mwaka mmoja kabla, baada ya majaribio.

Mtoto mwenye mapunye apelekwe kituo cha afya. Fangasi wanaosababisha mapunye huingia ndani ya unywele, hivyo huhitaji dawa ya kumeza. Mafuta ya kupaka pekee hayatoshi, na kuchelewa kunaweza kuacha kovu lisiloota nywele tena.

Kichwa kikiwasha au kutoka vidonda baada ya kupaka mafuta ya nywele, acha kuyapaka. Tunza chupa yenye namba ya toleo: nchini Tanzania, malalamiko ya vipodozi hupelekwa Shirika la Viwango (TBS), ya dawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).