Kutia Gari Umeme kwa Wauza Magari

Swali: Bwana Mhariri, ninaishi Marekani na nina Nissan Leaf ya 2011. Je, nikiwa safarini yafaa kutegemea umeme wa wauza magari?

Jibu: Yafaa, ndugu yangu, lakini kwa tahadhari, kwani mashine za kutia umeme, ijapokuwa wauzaji wengi wa Nissan wanazo, zimo ndani ya uwanja wa biashara, na aghalabu lango hufungwa jioni, au magari ya kuuzwa huegeshwa mbele ya mashine, msafiri asipate pa kukaribia. Basi mpigie muuzaji simu kabla ya kuondoka, utake idhini na kuuliza saa zake za kazi. Leaf yako, yenye betri ya kilowati-saa 24, hupokea kilowati 3.3 tu katika volti 240, hata kuijaza huchukua kadiri ya saa 7. Bali ikiwa ina tundu la CHAdeMO, la kutia umeme kwa haraka, na muuzaji ana mashine ya namna hiyo, hufikia asilimia 80 kwa nusu saa hivi. Lihakiki tundu hilo mapema, maana si gari zote za mwaka ule zilizopewa.