Kuvuta Ukurasa wa Mbali kwa Skripti ya Seva

Kwa kawaida kivinjari ndicho kinachoomba ukurasa na seva ndiyo inayojibu. Katika mada hii seva yenyewe inageuka kuwa mwombaji: skripti ya PHP inakwenda kwenye tovuti nyingine, inachukua ukurasa, kisha inautumia kumjibu mgeni wake. Ndivyo duka la mtandaoni linavyoweza kuonyesha bei kwa shilingi na kwa dola, kwa kusoma viwango vya kubadilisha fedha kwenye tovuti ya benki. Kukariri majina ya amri hakutoshi. Swali likisema "eleza kwa nini", kumbuka kwamba seva yako imekubali kumsubiri mtu usiyemtawala, na huenda pia kwenda mahali alipochagua mtu mwingine.

Tuanze na kusubiri. Amri iliyo fupi zaidi ni file_get_contents, nayo inafaa kwa jaribio la darasani. Kwa mpangilio wa kawaida wa PHP, amri hii huvumilia ukimya wa sekunde 60 kabla ya kukata tamaa. Chukulia kwamba seva yako huhudumia wageni 10 kwa wakati mmoja. Tovuti ya benki ikikwama, wageni 10 wa kwanza wanashika nafasi zote. Mgeni wa 11, anayetaka tu kuona namba ya simu ya duka, naye anakwama, ingawa ukurasa wake hauhusiani na benki hata kidogo.

Maktaba ya cURL inakuruhusu kuweka ukomo:

$c = curl_init('https://benki.example/viwango');
curl_setopt($c, CURLOPT_RETURNTRANSFER, true);
curl_setopt($c, CURLOPT_CONNECTTIMEOUT, 3);
curl_setopt($c, CURLOPT_TIMEOUT, 5);
$ukurasa = curl_exec($c);

Sekunde 3 ni za kuunganishwa, na sekunde 5 ni za kazi nzima. Usipoweka CURLOPT_TIMEOUT, thamani yake ni 0, yaani hakuna ukomo kabisa. Anayehamia cURL akasahau mstari huo anaweza kuwa amejiongezea tatizo. Kazi ikishindikana, $ukurasa huwa false. Lakini jibu la 404 au 500 si false, kwa hiyo kagua pia namba ya hali kwa curl_getinfo.

Kuhusu kasi, njia bora ni kutokwenda. Hifadhi nakala ya ukurasa kwa dakika 10: wageni 1,200 kwa saa watasababisha safari 6 tu badala ya 1,200, na benki ikizimika unayo nakala ya kuonyesha. Kama unahitaji kurasa tatu zinazochukua sekunde 2, 3 na 1, kuzivuta kwa zamu ni sekunde 6. Kuzivuta kwa pamoja kwa curl_multi ni takriban sekunde 3.

Sasa usalama. Hatari kubwa huja pale mgeni anaporuhusiwa kuandika anwani mwenyewe, kwa mfano "weka kiungo cha picha yako". Akiandika http://127.0.0.1/, seva inajiuliza yenyewe, ikiwa tayari iko ndani ya ukuta wa ulinzi. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilivamiwa kwa mbinu ya aina hii: seva ilifanywa iombe anwani ya ndani, ikatoa funguo za kuingilia, na taarifa za watu wapatao milioni 100 nchini Marekani na milioni 6 nchini Kanada zikachukuliwa. Tena file_get_contents husoma hata faili za diski: ipe /etc/passwd uone.

Kinga ni orodha ya majina kamili ya tovuti zinazoruhusiwa. Kutafuta tu neno "benki" ndani ya anwani hakusaidii, maana benki.tapeli.example nayo inalo. Acha CURLOPT_FOLLOWLOCATION ikiwa imezimwa ili tovuti isikuelekeze kwingine, na usizime CURLOPT_SSL_VERIFYPEER eti kwa sababu cheti kinaleta kosa.

Swali la mazoezi (alama 4)
Skripti inavuta kurasa 4, kila moja kwa sekunde 2, kwa zamu. Mgeni anasubiri muda gani? Taja njia mbili za kupunguza muda huo.

Jibu: Sekunde 8 (alama 2). Kuzivuta kwa pamoja, takriban sekunde 2 (alama 1). Kutumia nakala iliyohifadhiwa (alama 1). Ukitaja kuweka ukomo wa sekunde 1 hupati alama, kwa sababu kurasa zote nne zitakosekana.