Betri isiishe katikati ya ushahidi

Katika kazi ya kupatanisha watu, picha ni shahidi. Inaonyesha mpaka wa shamba uliokubaliwa, wazee waliokuwapo, au nyumba iliyobomolewa. Lakini shahidi huyu anaishi kwa betri.

Siku moja tulitoka Goma na kamera moja kwenda kupiga picha za mpaka kati ya familia mbili. Moja ilikuwa imekimbia vita na kurudi. Nyingine ilikuwa imelima shamba lile kwa miaka hiyo yote. Tulianza upande wa waliorudi. Tulipofika kwa wale wengine, kamera ilizimika. Jioni maneno yakaanza: "Hawa wana upande wao. Hawakutaka sisi tuonekane." Hakuna aliyefanya hila, betri ndiyo iliyoisha. Hata hivyo ilitubidi kurudi, kuomba radhi na kupiga picha zote upya.

Ijue betri yako

Kamera nyingi hutumia moja kati ya aina hizi mbili.

• Betri bapa ya lithiamu, iliyoandikwa Li-ion. Unaweza kuichaji wakati wowote. Hakuna haja ya kungoja iishe kabisa. Adui yake ni joto. Kama haitatumika kwa miezi mingi, iache ikiwa na chaji karibu nusu, mahali pakavu na penye baridi.
• Betri za duara zinazofanana na mawe ya tochi. Mawe ya kawaida huisha upesi ndani ya kamera na hayachajiwi: ukijaribu, yanaweza kuvuja au kupasuka. Nunua zilizoandikwa NiMH, pamoja na chaja yake. Hizi hupoteza chaji polepole hata zikikaa bure, kwa hiyo zichaji siku moja kabla ya kazi. Usichanganye za zamani na mpya.

Ni nini kinachoimaliza?

Flashi na kioo cha nyuma hula chaji nyingi. Mchana, zima flashi. Punguza mwanga wa kioo. Video hula zaidi kuliko picha. Kuwaonyesha watu picha zao hujenga imani, lakini nako hutumia betri. Tusiache kuwaonyesha, tuchukue betri ya pili.

Kuchaji bila umeme wa uhakika

Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, na tena mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, sehemu kubwa ya Goma ilikaa bila umeme. Kwa hiyo umeme ukiwapo, chaji leo, usingoje kesho.

• Jenereta: ngoja injini itulie ndipo uchomeke chaja, na uichomoe kabla haijazimwa. Chaja iliyoandikwa 100–240V huvumilia zaidi umeme unaopanda na kushuka.
• Jua: betri ya kamera ya volti 3.7 na mAh 1000 hubeba karibu wati-saa 4 tu. Paneli ya wati 10 ikipata jua zuri saa mbili inatosha kuijaza, hata nguvu nyingine ikipotea njiani. Mawingu yakiwa mengi, ni vizuri paneli ijaze kwanza betri kubwa ya volti 12, kisha chaja itumie hiyo. Weka betri ya kamera kivulini.
• Kibanda cha kuchaji simu: peleka betri na chaja peke yake. Usiache kamera yenye kadi ya picha. Ndani yake mna nyuso za watu waliotuamini, na mwenye nia mbaya akiziona, maisha yao yanaweza kuwa hatarini.

Betri iliyovimba isichajiwe tena. Usiitupe motoni wala ziwani, na watoto wasiichezee.

Kabla ya kuondoka

1. Chaji betri zote mbili, na uweke alama ya kalamu kwenye ile iliyojaa.
2. Futa vumbi kwenye vyuma vya betri kwa kitambaa kikavu.
3. Piga picha moja ya kujaribu.
4. Omba ruhusa ya kila atakayepigwa picha.
5. Piga picha chache kila upande kwa zamu. Usimalize upande mmoja kwanza. Hivyo, hata betri ikiisha, hakuna atakayesahauliwa.
6. Kamera ikizimika, waambie wote papo hapo na muandike kwenye daftari mlipofikia.

Maswali ya kujadili

• Katika kamati yetu, ni nani anayetunza betri na chaja?
• Kamera ikizimika kazini, tutawaeleza nini wale ambao hawajapigwa picha?
• Picha zetu zinakaa wapi usiku, na ni nani anayeweza kuziona?