MAANA NA MATUMIZI YA NENO "SNOKELI"

Neno "snokeli" si geni Visiwani. Kwa Mzanzibari, aghalabu humaanisha mrija mfupi wa kupumulia wanaoutumia waogeleaji watazamao matumbawe, kama ilivyo katika Kisiwa cha Chumbe, ambacho matumbawe yake yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Lakini mtumishi anayesafiri kikazi hadi Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mbali kabisa na bahari, huenda akalisikia neno hilo hilo katika gereji. Huko snokeli ni bomba lililosimama kando ya kioo cha mbele cha gari. Ni vyema maana zote mbili zikabainishwa, kwani kutozielewa kunaweza kugharimu maisha.

Asili ya neno

Neno hili limetokana na neno la Kijerumani Schnorchel, ambalo lina udugu na neno la kukoroma katika lugha hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanamaji wa Ujerumani waliliita hivyo bomba lililoziwezesha injini za dizeli za nyambizi kuvuta hewa bila ya chombo kuibuka. Ujuzi huo waliupata katika nyambizi za Kiholanzi walizoziteka mwaka 1940.

(a) Mrija wa mwogeleaji

Mrija huu huwa na urefu wa kiasi cha sentimita 40. Wapo wadhanio kwamba mrija mrefu humwezesha mtu kuzama zaidi. Dhana hiyo ni ya hatari. Hata katika kina cha mita moja tu, maji hukibana kifua mpaka kuvuta pumzi kukawa kazi nzito mno. Aidha, hewa chafu hubaki ndani ya mrija na kuvutwa tena.

(b) Bomba la gari

Katika Mkoa wa Simiyu, mito kama Simiyu na Duma hupungua sana wakati wa kiangazi, kisha hufurika ghafla mvua zinaponyesha. Injini ikivuta maji huharibika, kwa sababu maji hayabaniki kama hewa. Pistoni hukwama na vyuma vyake kupinda. Snokeli huuinua mdomo wa kuvutia hewa hadi usawa wa paa. Wakati wa ukavu pia hufaa, kwani hewa ya juu huwa na vumbi dogo kuliko ya chini.

Mipaka ya chombo hiki

Snokeli huilinda injini peke yake. Haizuii maji kuingia katika gia, difu na nyaya za umeme, wala hailizuii gari kuelea. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 huweza kuyachukua magari mengi, hata yale makubwa. Na iwapo viungo vya bomba vimelegea, maji hupenya na faida yake hutoweka.

Kwa hiyo, dereva asivuke mto uliofurika kwa kutegemea snokeli, wala mkubwa wake wa kazi asimshurutishe kwa kuwa mkutano unasubiri. Mkutano huweza kuahirishwa. Roho iliyopotea hairudi. Maji yapungue kwanza, ndipo safari iendelee.