Kuchagua Kipimo cha Chumvi Katika Maji

Siku za kale misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita hapa Kigwa kabla ya kufika Tabora, na ile iliyokwenda mpaka Ujiji ilipita Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi. Wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba chumvi ilipikwa Uvinza tangu karne ya 5 au ya 6.

Ndugu msomaji, chumvi hiyo ilipikwa kwa kuni, na hapo ndipo faida ya kupima ilipo. Tuseme wataka kilo 10 za chumvi. Ikiwa maji yana sehemu 5 za chumvi katika 100 kwa uzito, itakubidi ukaushe kilo 190 za maji motoni. Yakiwa na sehemu 10, ni kilo 90 tu. Anayechemsha maji hafifu bila kujua anateketeza miti ya bure, na sisi wa Tabora twajua miombo inavyokwisha.

Kipimo cha wazee ni yai. Yai bichi huzama katika maji matamu, na huelea chumvi ikizidi kama sehemu 11 hivi katika 100. Lakini yai lililokaa siku nyingi huelea upesi, maana hewa imeongezeka ndani yake. Basi mwenye yai viza atadanganyika.

Haidromita hufanya kazi ya yai, ila ina namba. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1, ya bahari kilo 1.025 hivi, na ya maji yaliyoshiba chumvi kilo 1.2. Kwa hiyo tazama namba kabla ya kununua: haidromita ya bahari huishia karibu na 1.030, nayo haifai kwa Uvinza. Tena maji yapoe kwanza, kwa kuwa maji ya moto ni mepesi, na kipimo kitasema chumvi ni kidogo kuliko ilivyo.

Rifraktomita hutaka matone mawili tu. Hutazama jinsi mwanga unavyopinda ndani ya maji. Isahihishe kwa maji yaliyotoneshwa. Lazima isome 0. Hapa wengi hukosea: chumvi ya mezani haipindi mwanga sawasawa na chumvi ya bahari, ambayo ina magnesi na vinginevyo. Mtu afugaye samaki na matumbawe katika tangi la kioo hutaka gramu 35 kwa kilo ya maji. Akisahihisha chombo chake kwa chumvi ya mezani, atie gramu 36.5 katika kilo moja ya mchanganyiko, ndipo chombo kisome 35.

Kuna pia kalamu ya umeme, inayopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Hiyo ni nzuri sana kwa maji ya kisima, ambako gramu moja ya chumvi katika lita haisogezi haidromita hata ukaiona. Kwa maji makali haifai, kwa sababu umeme hauongezeki tena sawa na chumvi.

Kama shule ina fedha za chombo kimoja tu, ningechagua haidromita ya 1.000 hadi 1.200. Haina betri, na ukiitia katika maji matamu utajua papo hapo kama ni nzima. Ila ni ya kioo. Wa Kidato cha Kwanza waishike kwa mikono miwili.